Siku Nilipomfanya Shemeji Yangu Mzaramo

Nyie mnaokaa viti vya nyuma, mnaonitupia vikaratasi tangu wiki iliyopita mkiuliza ilikuwaje, someni hapa mniache nipumue. Naanza na ujinga wangu mwenyewe, maana mkiusikia kwa mtu mwingine utakuwa umetiwa chumvi: nilimwandikisha mume wa dada yangu, raia halali wa Ghana, kuwa Mzaramo wa Bunju. Kwenye barua ya serikali ya mtaa. Yenye muhuri.

Shemeji anaitwa Kojo. Kwao ni jina la heshima, hupewa mwanamume aliyezaliwa Jumatatu. Kwetu mnajua wenyewe linafanana na nini, na mama yangu ni mwalimu wa darasa la pili, siku nzima anasikiliza watoto wakitaja mambo ya chooni, akirudi nyumbani hataki kuyasikia tena. Kwa hiyo mie nilikuwaga namwita Shemeji Jumatatu. Yeye anacheka, hana neno.

Siku moja kabla ya safari nilitumwa ofisi ya mtaa kuchukua barua ya kuthibitisha anapoishi. Karani akaniuliza, "Jina?" Nyuma yangu wamekaa bibi wawili na shehe mmoja. Ningetamkaje? Nikasema, "Jumatatu Mensah." Ningeishia hapo, ningesema ni aibu tu iliniponza. Ila karani akauliza, "Kabila?" na mdomo wangu mnaujua. Nikasema, "Mzaramo." Karani hakuinua hata macho. Kwenye fomu palikuwa pamechapwa "mkazi wa mtaa huu tangu", halafu nafasi. Akajaza mwenyewe: "kuzaliwa". Mwenyekiti, Mzee Pazi, alikuwa anakimbilia msibani. Akatia sahihi juu ya boneti ya gari, akagonga muhuri, akaondoka. Nami nikaitia barua kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikiamini kwamba barua za mtaa hazisomwi na mtu, zinaambatanishwa tu.

Sasa jueni kilichokuwepo mezani. Shemeji anasubiri kibali cha ukaazi, na ruhusa yake ya kukaa nchini ilikuwa inaisha siku hiyo hiyo ya safari. Asipoongezewa muda, inabidi aondoke akasubirie kwao, na kusubiri kwa namna hiyo hakuna anayejua kunaisha lini. Dada Rehema ana mimba ya miezi saba. Hesabu hiyo hata mie niliyepata kumi na mbili juu ya mia naiweza.

Bunju mpaka Mwenge, pamoja na mayai

Dada ni muuguzi, hakupata ruhusa kazini. Mama akaniandikia barua ya kuniombea ruhusa shuleni nimsindikize shemeji, akasema, "Utamwonyesha njia, halafu utarudi darasani. Vaa sare kabisa." Mama alidhani tutamaliza saa nne asubuhi. Mama ana imani.

Tuliondoka saa kumi na mbili na kirikuu, kile kigari cha mizigo, cha jirani yetu, Baba Glory, anayepeleka mayai Mwenge. Shemeji alikaa mbele amepakata trei mbili kama mtu aliyebeba mapacha. Mie nikajibanza nyuma katikati ya trei nyingine, nikiambiwa kila baada ya dakika tano nisipumue kwa nguvu.

Kuna jambo jingine la kukiri. Miezi michache nyuma, shemeji alipoanza kujifunza Kiswahili, nilimwambia shikamoo inafaa kwa kila mtu, haiharibu kitu. Basi anamwamkia kila mtu. Akamwamkia Baba Glory, ambaye kiumri ni mdogo wake.

"Marahaba," Baba Glory akajibu, akavimba kidogo. "Hawa watu wa nje wana adabu sana."

Tegeta tukakuta foleni. Foleni ya Tegeta si habari. Habari ilikuwa mbele, Mbezi, ambapo askari alisimamisha barabara nzima ili msafara wa wakubwa upite. Tukazima gari. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Watu wakashuka, wakaegemea magari yao kama wako nyumbani. Mama mmoja akapita na beseni la mihogo ya kukaanga, na shemeji akanunua ya kututosha wote, kisha akamwomba pilipili zaidi, kisha zaidi tena. Yule mama akamtazama.

"Baba, hiyo ni kali."

"Shikamoo," shemeji akasema, mdomo umejaa. "Hii ni tamu tu."

"Marahaba. Basi wewe si wa hapa."

Nikacheka mpaka trei zikatikisika. Mngeniambia saa hiyo kwamba hilo neno, kuwa si wa hapa, ndilo tutakaloshinda tunalitafutia ushahidi mchana kutwa, nisingewaelewa. Msafara ukapita. Ulikuwa wa magari sita, na ulipita kwa sekunde nane.

Mwenge mpaka Temeke, kwa bajaji ya muziki

Mwenge tuliagana na mayai, yote mazima, tukakodi bajaji. Dereva ni kijana wa umri wa kaka yangu mkubwa, ana spika mbili za singeli chini ya kiti, ukikaa unatetemeka kama simu. Shemeji akamwamkia shikamoo. Dereva akapunguza sauti ya muziki kwa mshtuko.

"Marahaba, braza. Hee. Leo nimekua."

Alipomsikiliza shemeji akiongea kidogo, akasema kwa uhakika, "Wewe wa Kigoma."

"Hapana. Mimi ni wa Ghana."

"Wa Kigoma wote wanasemaga hivyo, wanatafuta sehemu nyingine ya kusingizia. Usiogope, braza, sie hatubagui. Mjomba wangu kaoa huko."

Shemeji akajaribu kumweleza mpaka Buguruni. Mwisho akachoka, akakubali kuwa wa Kigoma, na dereva akaridhika. Mie nilikuwa nacheka peke yangu kwenye kona. Nawaambia hili ili mjue kwamba yule mtu kwa sura anaweza kupita kuwa yeyote kati yetu. Angekuwa mzungu, ile barua ingekuwa kichekesho. Kwa Kojo ilikuwa kosa la jinai.

Dirishani

Ofisi ya uhamiaji tuliyokwenda iko upande wa Temeke. Foleni nairuka, fomu nazo naziruka. Naanzia dirishani, kwa afande mmoja mwanamke, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Akafungua bahasha. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kojo Mensah ni nani?"

"Mimi, afande."

"Na Jumatatu Mensah?"

Shemeji akafikiri kidogo. "Pia ni mimi."

"Mzaramo."

"Hapana, afande. Mimi ni Mfante, kabila la Ghana."

"Hapa pameandikwa umezaliwa Bunju."

Shemeji akanigeukia. Mie nikawa naangalia feni ya darini, ambayo ilikuwa haizunguki.

Afande hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Akasema, "Bwana Mensah, barua kama hii ndiyo watu wanayoibeba kwenda kuombea kitambulisho cha taifa. Una pasipoti ya nchi moja na barua ya kuzaliwa nchi nyingine, zote mkononi kwa wakati mmoja. Naweza kukupeleka chumba cha pili sasa hivi, na huko hawaulizi mara mbili."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Huu mdomo ambao mwalimu wa zamu anaujua kwa jina. Haukufunguka.

Shemeji akasema, "Kosa ni langu, afande. Nimeleta kitu ambacho sijakisoma." Hakunitazama tena. Kuna watu wangenionyesha kwa kidole, na walikuwa na haki. Yeye akaweka mikono yake miwili juu ya kaunta, akasubiri.

Afande akaifunga pasipoti. "Hii inabaki hapa. Aliyegonga muhuri huu aandike upya, kwa mkono wake, na aweke namba yake ya simu. Saa tisa na nusu nafunga dirisha. Baada ya hapo faili linakwenda kwa mkubwa, na mkubwa hana utani."

Nje, chini ya ukuta, shemeji akaniuliza, "Mzaramo ni nini?"

"Ni kabila. Wenyeji wa hapa Dar."

"Ni watu wazuri?"

"Wazuri."

"Basi hukunitukana," akasema, akaanza kutafuta usafiri.

Angenizaba kofi ningepona haraka zaidi.

Temeke mpaka Tabata, na pilau ya marehemu nisiyemjua

Mzee Pazi hakupokea simu. Karani, tulipompigia, akasema yuko Tabata Kimanga, kwenye msiba wa binamu yake. Tukachukua bodaboda, sie wawili nyuma ya dereva, mshikaki kamili. Saa sita tukawa tunaliona turubai.

Nilikuwa na mpango: kuingia, kumvuta mzee pembeni, kutoka. Dakika tano. Sikujua kwamba kwa kina shemeji ukifika penye watu waliokaa unaanzia kulia unampa mkono kila mmoja mpaka umalize kushoto. Na pale palikuwa na wanaume wasiopungua arobaini. Akampa mkono kila mmoja. "Shikamoo. Poleni. Shikamoo. Poleni." Vijana wakaitikia marahaba kwa aibu. Kijukuu mmoja wa miaka minne akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alipomaliza tu, tukakalishwa, sinia la pilau likashuka mbele yetu. Pilau ya msibani hairudishwi. Mzee Pazi tulikuwa tunamwona ng'ambo, anaongea na wazee wenzake, na hakuna njia ya kumfikia bila kukanyaga watu wanaokula. Tukala. Nawaambia ukweli, ilikuwa tamu, na nilijichukia kwa kuisikia utamu.

Kumbe watu walikuwa wameshaulizana huyu mgeni ni nani, na mmoja akasema bila shaka katoka kazini kwa marehemu. Basi msemaji wa familia akasimama. "Tumepata ugeni kutoka ofisini kwa mpendwa wetu. Tunamwomba atupe neno moja."

Turubai zima likamgeukia Kojo. Nikamvuta suruali, nikamnong'oneza akatae. Akasimama. Kiswahili chake mnakijua, kinatembea kwa magongo.

"Mimi simjui marehemu," akasema. "Nimekuja kwa shida yangu. Nimemkuta yeye. Kwetu, mtu anayepita akikuta msiba, anakaa. Mimi nimekaa. Poleni sana."

Akaketi. Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye mtu," na wengine wakaguna kukubali. Mzee Pazi akaja mwenyewe.

Nikamweleza kwa pumzi moja. Akanisikiliza, akafungua begi lake, akatoa muhuri uliofungwa kwenye leso. "Huu siuachi ofisini," akasema. "Walishauazima siku moja." Karatasi hakuna, kwa hiyo tukachana katikati ya daftari langu la Kiswahili. Akavaa miwani.

"Jina lake la kweli."

"Kojo."

"Kijana, tuko msibani."

"Ndilo jina lake, mzee."

"Hapa kuna wazee. Kuna wakwe zangu. Siwezi kuandika hilo neno na kuligongea muhuri."

Shemeji akasogea. "Mzee, babu yangu pia alikuwa Kojo. Ni zuri kwetu. Naomba uandike."

Dada wa marehemu alikuwa anapita na birika la chai. Akasimama. "Anaitwa nani?"

"Kojo," shemeji akarudia.

Yule mama akajaribu kujizuia. Mabega yakaanza, kisha birika likaanza, chai ikamwagika kwenye mkeka, na kicheko kikamtoka chote, akakaa chini akifuta macho kwa khanga. Wanawake wa ndani wakauliza kuna nini, wakaambiwa, nao wakaangua. Nikaona tumekwisha, tumeharibu msiba wa watu.

"Tangu juzi sijacheka," yule mama akasema alipopata pumzi. "Mwanangu, unisamehe, jina lako zuri, masikio yangu ndiyo mabaya. Pazi, andika. Mtoto wa watu anachelewa."

Mzee Pazi akaandika. Akagonga. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Na huo Uzaramo ulimtolea wapi?"

"Kichwani, mzee."

"Mzaramo ni mie. Ungeniuliza kwanza kama tunapokea."

Tabata mpaka Temeke tena

Hapa sina utani mwingi. Saa nane na robo bodaboda ikatufikisha kwenye reli, na treni ya mizigo ikaja, ikapita nusu, ikasimama. Mabehewa ya mafuta kulia mpaka mwisho wa macho, na kushoto vilevile. Shemeji alikuwa ameitia barua ndani ya shati, juu ya moyo, na kila baada ya muda anaigusa kuona kama ipo. Nikamwona anaangalia saa yake, halafu anaangalia mbali, halafu saa.

Nikamwambia, "Shem, itaondoka tu."

"Ndiyo," akasema.

Treni ikakaa nusu saa. Nilipata muda wa kufikiri, jambo ambalo sijalizoea. Nilifikiri atakavyofungasha. Ana sanduku moja la bluu, liko juu ya kabati la dada.

Tulifika dirishani saa tisa na dakika kumi, tunanuka moshi na pilau. Afande akasoma barua mpya, akaiweka kando ya ile ya kwanza.

"Hii nzuri," akasema. "Ila faili haliwezi kubeba barua mbili zinazogombana. Mtu alidanganya kwenye ile ya kwanza. Nikiipokea hii bila kujua ni nani, itasomeka ni yeye mwenye faili."

Shemeji akavuta pumzi. Nikajua tu anataka kusema tena kwamba kosa ni lake. Nikanyoosha mkono juu, kama niko darasani.

"Mie, afande. Yeye alikuwa hajui chochote."

"Kwa nini?"

Nikatafuta sababu nzuri. Sikuipata. "Niliona inachekesha."

Akanikazia macho. Halafu akanisukumia kalamu. "Andika. Ulisema nini, kwa nani, na nani hakujua. Jina lako na la shule chini."

Nikaandika kwenye karatasi nyingine ya lile daftari. Mwalimu wa Kiswahili analalamikaga insha zangu zimejaa uongo. Ile haikuwa na hata mmoja. Afande akaisoma, akarekebisha tahajia ya Ghana, akampigia Mzee Pazi simu kuhakikisha, na mpaka kwangu nikasikia wanawake wa Tabata wanavyocheka huko nyuma ya mzee. Kwa mara ya kwanza mdomo wa afande ukataka kufanya kitu, akauzuia.

Akagonga muhuri kwenye pasipoti. Dakika tano zilikuwa zimebaki.

"Bwana Kojo," akasema, akalitamka jina lile kama jina la mtu. "Umeongezewa muda wa kusubiri kibali chako. Nenda nyumbani kwa mkeo."

Kisha mie. "Na wewe, karatasi yako inabaki kwenye faili. Siku ukija kuomba pasipoti, tutakusomea."

Kurudi Bunju

Tulikunywa juisi ya miwa pale nje, vikombe viwili viwili. Tulipopanda daladala ya kurudi upande wa Mwenge, shemeji akapigwa na usingizi, kichwa kinagonga kioo. Nikaweka begi langu la shule katikati ya kichwa na kioo. Hakuamka.

Aliamka Tegeta, kwenye foleni ile ile, jua linazama. Akasema, kama anaendeleza mazungumzo, "Pale dirishani asubuhi, niliona nitaambiwa kwa simu. Kwamba mtoto amezaliwa. Wataweka simu karibu naye alie, nisikie."

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha. Sikutoa hata moja. Nikamwambia, "Nisamehe, Kojo."

"Haya," akasema. Ndiyo hivyo tu.

Nyumbani tulikuta Mzee Pazi ameshampigia mama simu, amemweleza yote, na Uzaramo. Dada Rehema alikuwa amekaa na miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, bado na gauni la kazi. Alipoona pasipoti, aliichukua akaishika tumboni. Mama alikuwa anapakua wali na mchicha, mgongo ametupa sie. Nikamwamkia. Hakuitikia. Nikasogeza sahani yangu karibu na sufuria, nikidhani labda kimya ndiyo adhabu.

Mama akaisukuma sahani yangu pembeni, akaivuta ya shemeji, akaijaza mpaka wali ukaanza kuporomoka. Kisha akasema hivi, neno kwa neno, nanyi msiniulize tena:

"Wewe nimekuzaa, hakuna ofisi ya kukurudisha. Huyu angerudishwa. Kwa hiyo leo anakula yeye kwanza mpaka ashibe, na wewe utakula kitakachobaki, umesimama."